Wapagazi Waliokataa Mzigo

Mchezo uliganda mbele ya watu wote waliokuwa dukani. Mzee aliyekuwa akicheza, mstaafu wa reli, aliondoa mkono kwenye kipanya taratibu, kama aliyepigwa shoti.

"Binti yangu," alisema, "mmeniulia msafara."

Nilizima kompyuta, nikaiwasha, nikafungua mchezo wake aliouhifadhi. Ukaganda palepale.

Duka langu liko Kanyenye, hapa Tabora. Baba yangu aliuzia vitambaa humo humo. Mimi natoa nakala na kupiga chapa, na jioni watu hukodi kompyuta kucheza. Wanaoupenda zaidi ni mchezo wa zamani wa kupanga vita na biashara. Waliouunda walishautelekeza siku nyingi, kwa hiyo wapenzi wake waliotawanyika huku na huko ndio wanaoutengenezea viraka: wanaziba makosa, wanaongeza ramani, wanapunguza nguvu za jeshi lililozidi. Kiraka cha Tabora nilikitengeneza na rafiki yangu wa Urambo, aliyesomea kompyuta chuoni kisha akarudi kulima tumbaku na wazazi wake. Tuliweka njia ya zamani ya misafara, kutoka pwani mpaka Ujiji, na mji wetu katikati. Watu walikipenda. Hakikuwahi kuganda, hata kwenye mashine zangu chakavu.

Kisha mwenzangu akaja na wazo lake.

"Dada, wapagazi wetu hawachoki," alisema. "Unawabebesha pembe, huwalishi, na Ujiji wanafika vilevile. Nataka wakatae. Ukiwanyima chakula, watue mizigo porini wajiendee zao."

"Watu watakasirika. Mchezo mzima unategemea msafara kufika."

"Ndiyo maana nataka."

Nilimwomba tujaribu kwanza wenyewe, kidogo kidogo, tusiguse michezo ambayo watu wameshaihifadhi. Alikubali. Lakini kundi la simu la wapenzi wa mchezo lilikwishapata habari. Watu walishangilia, wakataka toleo jipya haraka, nasi tukalitoa likiwa bichi.

Kila mpagazi alipotua mzigo, mchezo uliganda. Nilipopekua ndani ya programu nikaelewa kwa nini. Waliouandika hawakumweka mpagazi kama mtu. Alikuwa namba tu iliyofungwa kwenye mzigo. Akiondoka yeye, mzigo nao unafutika, na mchezo unabaki kuutafuta bila kuupata mpaka unakufa. Kumfanya mtu kulitaka kubomoa karibu kila kitu.

Nilijaribu. Nikiziba hapa, panafumuka pale. Nilizuia kuganda, Tabora ikabaki bila wakazi. Nikarudisha wakazi, majeshi yakagoma kutembea. Wateja waliokuja kutoa nakala walisimama mlangoni wakinisubiri, wengine wakaenda duka la pili. Nikiswali adhuhuri nilisahau nimefika rakaa ya ngapi. Mama aliniletea chakula, akakuta cha jana bado kimefunikwa.

"Mwanangu, una nini? Hata salamu huitikii."

"Kazi tu, mama."

Kwenye kundi walitutukana. Wengine waliandika rudisheni la zamani, wengine wakaandika mkirudi nyuma sisi tunaondoka, na wa pande zote mbili wakawa wanaondoka. Majina niliyoyazoea kwa miaka yalitoweka moja moja, nami nilikaa nimeshika simu nikiyatazama.

Nikampigia mwenzangu. "Narudisha toleo la zamani," nilimwambia.

"Sawa. Nyinyi mlikuwa na mizigo. Sisi tulikuwa na mabega."

Wazee wangu walitoka Oman na biashara zao. Wa kwake walibeba. Tangu tujuane hatukuwahi kulitamka.

"Usinifanyie hivyo," nikasema. "Mimi nazungumzia kompyuta."

"Na mimi pia."

Akakata, na siku zilizofuata hakupokea simu zangu.

Nilifunga duka nikapanda basi la Urambo, mvua ikinyesha njia nzima. Nilimkuta mama yake barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yupo nyuma, kwenye bani."

Alikuwa akichochea moto wa kibanda cha kukaushia tumbaku, macho mekundu. Sikusubiri hata anikaribishe.

"Kaka, nisaidie. Peke yangu siwezi."

"Hata mimi siwezi," alisema. Aliketi juu ya kuni. "Unadhani nilikasirika tu nikakuachia? Nimejaribu kila nilichokijua. Ili watu wale wapate miguu, inabidi tuandike mchezo mwingine kabisa. Nani atauandika? Mimi, na tumbaku hii?"

"Tungeweza kungoja. Tungetoa kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo wangekuwa bado namba, dada."

Nililia, nikasingizia moshi. Aliniletea maji ya kunywa katika kikombe cha bati, akasimama pembeni mpaka nikamaliza. Aliponisindikiza barabarani alisema neno moja tu: "Rudisha."

Nilirudisha. Mchezo ukatulia. Mzee wa reli akaendelea na safari yake, akanishukuru mpaka nikaona aibu, na kundi likachangamka tena na ubishi wa kawaida kuhusu bunduki na bei ya chumvi. Hakuna aliyeulizia wapagazi. Toleo letu lile nimelihifadhi peke yake, na mchana wateja wakipungua hulifungua, nikabadilisha mstari mmoja au miwili. Halijafanya kazi hata mara moja.

Juzi mwenzangu alipita dukani kutoa nakala ya kitambulisho. Tuliongea habari za mvua, na za mama yake anayetibiwa hospitali ya Kitete. Kwenye kompyuta hakutazama kabisa. Alipoondoka nilifungua toleo letu lile, nikakaa mbele yake mpaka adhana ya alasiri, nisijue nianzie wapi.