Dirisha Lililofunika Jina la Nyanya

Kila miwa inapochomwa upande wa Ekero, moshi wake mtamu hufika mpaka mezani pangu, na masizi membamba kama nyuzi hutua juu ya kibodi. Vijana ninaofanya nao kazi hulalamika. Mimi huyafuta polepole, kwa maana harufu hiyo hunirudisha, ndugu msomaji, katika chumba kimoja cha shule ya msingi kilichokuwa na kompyuta moja na wasichana wengi.

Haikuwa kompyuta ya picha kama za leo. Skrini yake ilikuwa ya buluu, yenye maandishi matupu, na madirisha yake yalizungushiwa mistari, moja likilalia jingine kama karatasi juu ya meza. Kipanya kiliposukumwa, kimraba kidogo kiliruka kutoka herufi hadi herufi mithili ya panzi. Wasichana wakubwa walikigombania kipanya hicho. Mimi, mdogo wa wote, niliachiwa kibodi, na Mwalimu Musimbi, mwanamke asiyevumilia manung'uniko, aliniambia kwamba anayenyimwa kijiko hula kwa mkono na hushiba vilevile. Nikajifunza vitufe.

Ndipo wazazi wakaitwa kuamua kama chumba kile kigeuzwe ghala la mahindi ya wanafunzi na kompyuta wapewe wengine. Aliyetoa hoja hiyo alikuwa baba yangu, mkulima wa miwa na mzee wa kanisa, ambaye alikwisha kutangaza mbele ya wote kwamba mtoto hashibi madirisha. Mwalimu aliomba jambo moja tu: waone kwanza.

Asubuhi ya mkutano, Ayuma, mwenzetu aliyekuwa na zamu ya usafi, alitenda alilofunzwa nyumbani, kwamba wageni wakija, kila kitakachoshikwa huoshwa. Alisugua meza, akasugua sakafu, kisha akakitumbukiza kipanya katika beseni la sabuni. Kilitoka kikiwa kisafi kabisa, na kimekufa. Mwalimu hakumkemea. Alikianika dirishani, kikining'inia kwa mkia na kuchuruzika maji, kisha akanigeukia.

"Una vidole," akasema. "Keti."

Wazazi wakajaa chumbani. Baba alisimama nyuma yangu. Kwa kuwa nililibeba jina la marehemu mama yake, hakuwahi kuniita mwanangu.

"Mama, andika jina lako."

Nikaandika: Nekesa.

"Sasa andika langu, mahali pengine. Na hilo usilifute."

Nikafungua dirisha jipya kwa vitufe. Likatanda skrini nzima, likalifunika la kwanza, nami nikaandika ndani yake: Wechuli. Senje, dada yake baba, ambaye ulimi wake ulijulikana hadi Shianda, akaguna.

"Wewe mtoto, umemzika mama yetu mara ya pili."

Watu wakacheka. Nilijua kwamba nikikosea, mahindi yangeingia chumbani wiki hiyo hiyo. Nikakitafuta, katika safu ya juu ya kibodi, kitufe cha kuhamia dirisha jingine, nikakibonyeza. Nekesa akarudi, herufi zake zote salama. Nikabonyeza tena, akaja Wechuli. Kisha nikayapanga madirisha yote mawili, moja juu na jingine chini, mama na mwanawe wakakaa pamoja mbele ya macho yetu.

Kicheko kilikwisha. Senje akauliza:

"Na mimi je? Sina dirisha?"

Baba aliitazama skrini, kisha akawageukia wenzake.

"Nilisema mbele yenu kwamba hapa pawe ghala. Nilisema kabla sijaona. Leo nimeona, na neno langu nalirudisha hapa hapa nilipolitoa."

Chumba kikabaki chetu. Nilirudi nyumbani nimefura kwa fahari, nikiamini kwamba vidole vyangu ndivyo vilivyomshinda baba, na kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kwa namna hiyo. Tangu hapo nimeketi katika vikao vingi vya watu waliosoma, nikawaona wakilitetea kosa wanalolijua kuwa kosa, kwa kuwa tu walilitamka hadharani. Kila mara nimemkumbuka mkulima yule na kujivunia kwamba mimi ni wake. Mimi nilikuwa nimejizoeza vitufe muhula mzima. Baba hakuwa amejizoeza kitu, na majirani zake wote walikuwa wakimtazama.