Supu ya Mzazi Niliyoinywa Mie

Mwaka jana nilinenepa kwa uzazi wa mtu mwingine. Subirini nieleze, mtacheka mbele.

Dada yangu alirudi kwetu Mtoni kujifungua, maana mimba ya kwanza unazalia kwa mama yako. Unakaa ndani siku arobaini, unakandwa maji ya moto, unafungwa tumbo kwa kanga, na unalishwa. Hilo la kulishwa mama yangu halifanyii mzaha. Kwake yeye, mzazi akirudi kwa mumewe hana mashavu, wakwe watasema kwao hakuna chakula. Kwa hiyo asubuhi uji wa pilipili manga, saa nne supu ya kongoro, mchana wali na kuku, jioni supu tena.

Tatizo lilikuwa kabati la kioo la fundi picha wa mtaani kwetu. Picha ikimfurahisha anaibandika humo, na sie tunapitaga makusudi kuangalia nani kaingia, nani katolewa. Ukikaa kwenye kile kioo basi umejulikana mpaka huko Kilwa Road. Sasa dada akiwa bado ana tumbo lake, akaingizwa mwenzake aliyesoma naye, wameshindana tangu kuruka kamba. Ana mtoto wa miezi miwili, kavaa jinzi, mkono kiunoni, na kiuno chenyewe chembamba kama aliyeazima mtoto kwa ajili ya picha. Dada alisimama pale mpaka miguu ikamvimba zaidi.

Alipojifungua tu, akaniambia mpango. Siku ya arobaini anapiga picha na lile gauni jekundu alilolichagua mwenyewe kwenye mitumba ya Buguruni kabla ya mimba, lile la kubana, na ataning'inia kwenye kioo pembeni ya yule yule. Kwa hiyo supu hataki. Lakini bakuli lisiporudi jikoni tupu, mama anakuja kukaa mlangoni. Ndiyo nikatafutwa mie.

Mie nina huruma. Dada anaonja vijiko viwili, mie namalizia, tena nalamba na mfupa. Akaniapisha nisimwambie mtu, nikaapa huku natafuna.

Wiki ya tatu mama akaanza kushangaa. Mwanawe anakula kama askari na shingo inazidi kurefuka, na mtoto analia kutwa akiwa na ziwa mdomoni. Akasema labda minyoo. Dawa yake ikawa kuongeza supu. Mnaelewa iliishia kwa nani.

Nikanawiri. Kifungo cha sketi ya shule kikanitoka mstarini, kikamgonga kiranja. Wanawake waliokuja kumtazama mzazi nikiwaamkia shikamoo, wanaitikia marahaba wakiliangalia tumbo langu. Halafu wananong'ona na mama uani, mie nadhani wananisifia afya.

Siku moja natoka shule, mama akaniita jikoni, akanikalisha kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, siku zako mara ya mwisho umeziona lini?"

Nikaanza kucheka. Nikamwona anakoroga sufuria tupu, nikaacha. Mwanafunzi akipata mimba shule ndiyo basi, na mama alishaniambia mara mia kwamba yeye hakupata kuvaa hizo sketi. Akasema kesho tunakwenda zahanati kupima. Mie nina jibu kwa kila mtu, hata kwa mwalimu wa nidhamu, lakini jibu la pale lilikuwa la dada. Nikimtaja dada nimevunja kiapo. Nikinyamaza, mama halali.

Pazia likasogea. Dada kasimama na mtoto begani, kanga imemlegea kiunoni.

"Mama, hana mimba. Supu yangu yote anakunywa yeye. Na mie maziwa hayatoki."

Mama akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Sikuwahi kuona mtu anafurahi na kukasirika kwa uso ule ule mmoja. Hakutupiga. Alichota bakuli, akamketisha dada, akakaa mbele yake kama msimamizi wa mtihani mpaka likaisha. Ikawa hivyo kila siku hadi arobaini. Mie nikarudishwa kwenye ugali na mchicha.

Siku ya picha zipu ya gauni jekundu iligoma katikati ya mgongo. Mama akamfunika na mtandio, na kwa fundi picha ule mtandio ukawa unateleza, ikabidi nimshikie mtoto wakati anaufunga. Fundi naye akabonyeza kamera.

Wiki iliyofuata tukaenda kuangalia kioo. Pembeni ya mama wa jinzi niko mie, mashavu kama maandazi, mtoto kifuani. Dada haonekani, ila kiwiko. Fundi akasema katika zote, hii ndiyo iliyoonyesha mzazi aliyetunzwa.

Nikasubiri kofi. Dada akaiangalia picha, akaniangalia, akaanza kucheka, akacheka mpaka maziwa yakalowesha gauni mbele pale barabarani.

Alirudi kwa mumewe na mashavu yake. Mama kila Ijumaa anamfuata fundi aniondoe kwenye kioo, maana mie mwanafunzi, na kila Ijumaa anaambiwa wiki ijayo. Juzi muuza mkaa kaniuliza mtoto wangu hajambo. Nikamjibu hajambo, ila anapenda kunyonya.