Nilivyohesabu miaka ya Uhuru kama tunavyohesabu arobaini ya msiba

Chraaaa!

Shuka likichanwa kwa mkono hulia hivyo, na mlio ule bado ninao masikioni. Lilikuwa shuka la mamdogo wangu, jeupe, la kutandikia wageni wakija. Naanzia hapo kwa sababu ndipo nilipojua kwamba nimeharibu kweli.

Wakuu habari za muda huu, na wakubwa shikamooni. Mimi humu ni wa kusoma na kupita kimya kimya, leo nimeona na mimi niweke la kwangu. Sio chai, ni kisa cha kweli. Nimeliandika kama lilivyotokea, na pale nilipokuwa mjinga nimepaacha vile vile.

Nipo Kinjumbi, huku Kilwa. Shule niliishia form two.

Ninachoweza mimi ni herufi. Nipe brashi na kopo la rangi, nakuandikia maneno yamesimama sawa bila rula. Ndoto yangu ni kibanda changu cha mabango, upite Somanga, upite Nangurukuru, kila duka ukute mwandiko wangu. Mamdogo anasema mimi naota hata nikiwa nachota maji.

Desemba 2024 mtendaji wa kijiji akaniita ofisini. Alitaka bango la kitambaa kwa ajili ya tarehe 9, siku ya Uhuru, afisa tarafa atakuja.

Akaniambia, "Binti, hili likitoka vizuri, vibao vya zahanati mpya utaandika wewe. Milango yote."

Milango kumi na moja, wakuu. Nilipita nikaihesabu kwa nje.

Nikamuuliza maneno ya kuandika. Akasema andika miaka ya Uhuru, akapokea simu, akaanza kubishana na mtu habari ya viti. Nikaona aibu kusubiri nimuulize ni miaka mingapi. Kitu gani hicho mtu mzima asikijue?

Nikarudi nyumbani nikahesabu mwenyewe. Uhuru ni 1961, hilo nilikuwa nalo tangu darasa la nne. Nikachukua punje za mahindi. 1961 punje moja. 1962 punje ya pili. Nikaenda nayo hivyo mpaka 2024. Nikapata 64. Nikarudia. 64.

Naomba nieleze kwa nini sikushtuka. Huku kwetu mtu akifariki na kuzikwa Jumatatu, Jumatatu yenyewe ndiyo moja. Dua ya tatu inasomwa Jumatano. Arobaini pia inahesabiwa hivyo hivyo, siku ya kwanza imo. Nimekua nikimsaidia mamdogo kuhesabu siku za watu, kila msiba mimi ndiye ninayeulizwa leo ya ngapi. Sijawahi kukosea hata mara moja.

Kwa hiyo tarehe 8 nikaandika kwa rangi nyekundu, herufi za urefu wa mkono: MIAKA 64 YA UHURU. Nikalianika kwenye ua wa makuti likauke. Likapendeza mpaka nikalipiga picha mara nne.

Asubuhi ya tarehe 9, kama saa moja, akapita Bi Somoe na ndoo yake ya vitumbua. Akasimama. Akaliangalia bango, akatua ndoo chini.

"Wee mwana, nani kakutuma unizeeshe?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Nimekuzeesha vipi?"

"Marahaba. Mimi nimezaliwa usiku ule ule bendera inapanda. Leo natimiza sitini na tatu. Hiyo nne umeitoa wapi, kwenye hesabu ya ndoa zangu?"

Nikamwambia nimehesabu kwa punje, mara mbili, na 1961 ndiyo punje ya kwanza.

"Kwa hiyo mimi natoka tumboni tayari nina mwaka mmoja? Mama yangu angefurahi, asingeninyonyesha sana. Nilikuwa na kilio tu mwanangu, mwaka sina."

Hashimu wa bodaboda alikuwa anapita, akaegesha pikipiki. Yeye akaja na lake. Eti sitini na nne niliyoandika ni mwaka wa Muungano, kwa hiyo nimechanganya sikukuu, na Tanzania ina miaka sitini tu.

Bi Somoe akamgeukia. "Hashimu, Muungano si Aprili? Na leo Aprili? Hebu nunua kitumbua uende."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshaacha kucheka.

Nikaingia ndani na simu, bando lilikuwepo kidogo. Nikasoma haraka haraka. Tarehe 9 Desemba 1961 ni uhuru wa Tanganyika. Tarehe hiyo hiyo, mwaka uliofuata, ikawa Jamhuri, ndiyo maana utasikia watu wanasema Uhuru na Jamhuri kwa pamoja. Tanzania kama nchi imekuja 1964, Aprili 26, kwa hiyo Hashimu kwenye sitini yake hakukosea, alikosea sikukuu. Na 2024 ukitoa 1961 unabaki na 63.

Punje zangu hazikuwa uongo kabisa. Nilikuwa nimezihesabu tarehe 9 zote, na ile ya kwanza ikiwemo. Zipo 64. Ila bango halisemi tarehe 9 ngapi, linasema miaka. Na mwaka hauhesabiki mpaka uishe.

Nikatoka, wale wawili wameshaondoka, nikamwangalia mamdogo aliyekuwa amesikia yote kutoka jikoni. Akasema, "Bi Somoe hawezi kuongea na afisa tarafa. Hashimu hajui kitu. Nani ataona?"

Ni kweli, nani angeona. Kama robo saa hivi nilikaa na hilo wazo, silifichi. Milango kumi na moja ilikuwa mbele ya macho yangu.

Halafu nikaona nikikaa kimya, kila atakayeniambia hongera nitakuwa namwangalia kama namuibia. Nikaenda ofisini.

Mtendaji alisikiliza huku anafunga vifungo vya shati. Aliponielewa akaacha kufunga.

"Sasa saa mbili na nusu. Mgeni saa nne. Unafanyaje?"

"Naweka kiraka."

"Kiraka kwenye bango la Uhuru?"

"Ndiyo."

Akafunga kifungo cha mwisho, akasema nikimbie.

Nilikimbia. Kitambaa cha bango kilikuwa kimeisha chote. Mamdogo hakuniuliza, akaenda ndani, akarudi na shuka lile. Ndipo nikasikia mlio niliowaambia.

Nikaandika 3 juu ya kipande, yeye akakishona juu ya ile 4 kwa mkono huku rangi ikiwa mbichi. Shuka lilikuwa limeingia umanjano kwa kukaa sandukuni, kwa hiyo kiraka kilionekana tangu mbali. Kidole gumba cha mamdogo kilibaki chekundu siku nzima.

Sherehe ikafanyika. Wimbo ukaimbwa, watoto wakakimbia mbio za magunia. Afisa tarafa aliliangalia bango, akamnong'oneza mtendaji kitu, wakatabasamu. Sijui kilikuwa nini.

Watu walipotawanyika nikamfuata mtendaji kuulizia ya zahanati.

Akasema, "Umekuja mwenyewe kusema, nimekuheshimu, na nitalikumbuka. Lakini zahanati wanahesabu vidonge, binti. Pale nataka mtu anayeuliza kabla ya kuandika. Nimeshaongea na fundi wa Kilwa Masoko."

Sikubisha. Hata sasa sioni kama alinionea. Kosa langu halikuwa hesabu, kuna hesabu mbili na kila moja ina mahali pake. Kosa ni kuona aibu kuuliza "mingapi" kwa sababu niliona kila mtu anajua. Kumbe tulikuwa watu watatu pale uani, kila mmoja na namba yake, na wote tunasherehekea siku moja.

Wakuu, kwenu huko mnahesabuje? Harusi, kuzaliwa kwa mtoto, siku ya kwanza inaingia au haiingii? Na kuna mwingine alikuwa anachanganya Uhuru na Muungano, au ni sisi tu? Karibuni, hata wa kunicheka karibuni.

Kesho yake, tarehe 10, mamdogo alikwenda shamba. Kopo lilikuwa na rangi kidogo imebaki chini. Nikafuta mlango wetu vumbi, nikaandika MABANGO HUANDIKWA HAPA. Chini yake nikaandika TANGU 10 DESEMBA 2024.

Kisha nikaandika MIAKA, nikaacha nafasi tupu ya upana wa viganja viwili, nikafunika kopo.