Mchinja Nguruwe na Karatasi Nyekundu

Dou Mancang aliua nguruwe kwa kisu kimoja tu, na kijiji chote cha Moping kilimsifu kwa hilo. Kijiji hicho hicho kilijua pia kwamba mkono wake wa kulia ulishamvunja taya mwenye kinu, ukamng'oa shemeji yake meno mawili, na ukatoboa mlango wa ofisi ya kijiji siku aliyonyimwa mbegu za viazi. Wanaume waliokunywa naye pombe walipenda kukaa kushotoni kwake. Wanawake walitisha watoto kwa jina lake, na watoto walinyamaza kweli.

Tulimtania kwa hayo yote, naye alicheka. Kuna pigo moja tu ambalo hakuna aliyelitania, nalo lilimpata binti yake wa pekee, Lianqiao. Miaka kumi na moja iliyopita msichana huyo alifaulu kwenda sekondari ya juu mjini. Barua ilifika wakati wa kuchuma pilipili, ile pilipili yetu ya mitini yenye miiba inayochana mikono ya watu tangu Julai mpaka Agosti. Mancang akasema hapana, ada ipo kwa watoto wa kiume tu, ingawa mtoto wa kiume hakuwa naye. Lianqiao akasema atakwenda hata kwa miguu. Mancang akanyakua mti wa kubebea ndoo na kumshushia. Msichana akainua mkono, na alichokinga kilikuwa ile barua, wala si kichwa chake.

Vidole viwili vilivunjika, cha kati na cha pete. Barua iliingia jikoni, kwenye moto. Hakuna aliyempeleka mtoto hospitali. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, maana sote tulisikia kelele, na jibu ninalolipata linanitia aibu: tulikuwa tunachuma pilipili. Siku ya tatu Lianqiao alipanda basi la kwenda Guangdong na kuingia kiwanda cha viatu akiwa na vidole vilivyoungana kombo. Alirudi mara moja tu, kumzika mama yake. Alikaa siku moja, na siku nzima hakuvua glavu. Baada ya hapo Mancang alimtumia salamu kwenye simu kila mwaka mpya. Zilifika, zikasomwa, hazikujibiwa.

Sasa tuje kwenye karatasi.

Mwalimu Kuang alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba, mwenye pikipiki iliyopiga kelele kuliko yeye mwenyewe. Alifanya kazi ya kujitolea kwa mfuko mmoja wa mjini unaolipia ada watoto wa milimani. Mfuko ulikuwa na sharti: majina ya wanaosaidiwa yaandikwe kwenye karatasi nyekundu, karatasi ibandikwe ukutani siku saba mbele ya kijiji kizima, na ipigwe picha siku ya kwanza na siku ya saba saa sita mchana. Mwenye pingamizi aweke alama ya dole gumba kwa wino kando ya jina analolipinga, na jina hilo linaondolewa. Pingamizi la ndugu halikubaliwi, ila mwenye jina mwenyewe akijipinga linakubaliwa. Karatasi ikichanika, majina yote yanaanguka. Ikizuka vita, hali kadhalika, kwa sababu mwaka juzi kijiji cha bonde la pili walikatana mundu kwa ajili ya orodha kama hiyo.

Mwaka huo Moping tulipata majina manne. La tatu lilikuwa la Niu Sulan, msichana wa miaka kumi na sita. Baba yake alifukiwa mgodini, mama yake akaolewa kwingine, naye akalelewa na baba yake mdogo, Niu Fugen. Nisimdhulumu Fugen: alimlisha mtoto huyo miaka tisa. Lakini masika hayo alikuwa amepokea mahari ya msichana huyo kutoka kwa mfugaji wa nguruwe wa ng'ambo ya mlima, mtu wa miaka thelathini na minne, na mahari hiyo ilikwisha kugeuka kuwa pikipiki ya matairi matatu. Sulan akienda shule, pikipiki inarudi kwa mwenyewe.

Kwa hiyo karatasi ilihitaji mlinzi. Mancang akaja na kigoda chake.

"Nitakaa mimi," akasema.

Mwalimu Kuang akaitazama mikono yake. "Mancang, natafuta mlinzi, sitafuti mchinjaji."

"Nani atathubutu kusogea nikiwa hapa?"

"Hicho ndicho kinachonitia hofu. Ukimrushia mtu ngumi, polisi wakapanda huku, basi watoto wanne wameshakosa. Umenielewa? Hata kofi hapana."

"Hata kofi."

"Hata kumsukuma mtu."

Mancang akatua kigoda chini. "Mwalimu, na mimi nikipigwa?"

"Utapigwa. Sasa sema kama unakaa au unakwenda."

Akakaa. Karatasi ilifunikwa kwa nailoni kwa ajili ya mvua, naye akaegemeza mgongo chini yake, na tangu siku hiyo alikula, akasinzia na kukoroma palepale.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za mzaha. Watu walipita na vikapu vya pilipili wakamwuliza kama anabweka au anang'ata tu. Siku ya tatu jiwe lilitoka nyuma ya mti wa walnuti na kumpasua juu ya jicho. Alisimama, damu ikamtiririka mpaka kidevuni, na wote tuliokuwepo tulirudi nyuma kwa mazoea. Kisha akaketi tena, akaingiza mikono yote miwili chini ya makalio yake na kuikalia. Sijapata kuona mtu akijikalia mikono namna ile.

Siku ya tano Fugen mwenyewe alimwagia ndoo ya kinyesi cha nguruwe.

"Si ndiyo harufu ya kazi yako, Mzee Dou?" Fugen akasema. "Nimekuletea nyumbani."

Mancang akajifuta macho. "Umemaliza?"

"Binti wa watu anakuhusu nini? Wako ulimfanyaje? Ulimpeleka chuo kikuu?"

Hapo mwanamume mzima alipauka. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale na niliuona mkono wa kulia ukitoka chini yake, ukakunja ngumi, ukabaki hewani. Fugen naye aliuona, akatabasamu, akainua kidevu ili kipatikane vizuri. Alikuwa anakitaka kipigo hicho kama mlevi anavyotaka glasi. Mancang akaurudisha mkono chini, akaukalia.

Ndipo Fugen alipojua kwamba kwa njia hiyo hatapata kitu, na akatafuta nyingine.

Siku ya saba, kama saa tano na nusu, tulisikia kelele kutoka juu kwenye miti ya pilipili. Fugen alikuwa akimburuta Sulan kwa nywele akishuka naye njia ya mawe. Mkono mmoja ulishika nywele, mwingine jembe, na kibweta cha wino mwekundu kimechomoza kwenye mfuko wa shati. Msichana alikuwa amepoteza kiatu. Mdomo wake ulikuwa umevimba upande mmoja, na kila alipojaribu kusimama Fugen alimpiga teke la nyonga, akaanguka, akaburutwa tena. Kwa kuwa nilikuwepo, niseme pia kwamba tulikuwa watu wasiopungua ishirini pale, na tulisimama na vikapu vyetu.

"Mwenyewe hataki shule," Fugen akatangaza. "Anakuja kuweka dole lake kwenye jina lake. Sharti linaruhusu. Sogea, Mzee Dou."

"Sulan," Mancang akasema, "unataka kuweka dole?"

"Sitaki, Babu."

Fugen akamgonga uso ukutani. Haikuwa sauti kubwa. Damu ikamtoka puani, na Mancang akanyanyuka kwenye kigoda, na wote tukajua kwamba sasa Fugen atakufa. Ule mkono mnene wa kushikia kisu ulikuwa umeshafika shingoni pa mtu huyo.

"Babu, usiondoke hapo," Sulan akasema. Alisema polepole kwa sababu ya mdomo. "Ukimpiga, ameshinda. Bakia hapo."

Mkono ukasimama. Mancang alilia. Nasema alilia, machozi kabisa, na kamasi, kwa kukosa kupiga. Kisha akageuka, akaipa karatasi kifua chake na Fugen mgongo.

Fugen alichana nailoni kwa upande, lakini karatasi yenyewe hakuthubutu kuichana mbele ya wazazi wa wale watoto wengine watatu. Akampiga Mancang kwa mpini wa jembe mbavuni, figoni, kwenye mashavu ya miguu. Mancang aliguna kila pigo kama mtu anayebeba gunia, akapiga magoti, lakini mkono wa kulia ulibaki juu, umetandazwa wazi juu ya jina la tatu. Fugen akafungua kibweta, akakamata dole gumba la msichana na kulichovya. Sulan akamng'ata kifundo cha mkono. Kibweta kikaanguka, na msichana akakipiga teke kikaenda mtaroni.

"Toa mkono," Fugen akasema.

"Vunja," Mancang akajibu.

Fugen akaligeuza jembe, akavipiga vidole kwa kisigino chake cha chuma. Ukuta ulitoa vumbi. Pigo la pili lilitua kwenye vidole tena, na mara hii tulisikia mfupa. Damu ikachuruzika kwenye karatasi. Fugen alipoiona ile damu akapata wazo ambalo sitalisahau: akalivuta dole la mtoto kulipeleka kwenye damu hiyo, ili damu iwe wino. Mancang akakunja ngumi. Alikunja vile vidole vilivyovunjika, akafumba damu ndani, na sauti iliyomtoka hapo nilikuwa nimewahi kuisikia kwa nguruwe tu.

Ndipo mama mmoja akatua kikapu chake chini na kutembea mpaka ukutani. Alisimama kati ya Fugen na msichana na mikono yake iliyochanwa na miiba. Akafuata wa pili. Mimi nilikuwa wa tano au wa sita. Si nafasi ya kujivunia. Fugen akatutazama, akatazama jembe lake, na hapo pikipiki ya Mwalimu Kuang ikasikika ikipanda mlima.

"Tulikuwa tunataniana tu," Fugen akasema, akatupa jembe.

Mwalimu Kuang alishuka, akavua kofia ngumu. Aliangalia uso wa Sulan, akaangalia mkono wa Mancang. Yule mwanamke mwembamba alifunga macho kama mtu anayehesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Kisha akatoa simu, akapiga picha ya karatasi na kuituma kwa watu wa mfuko. Ilikuwa nzima. Kando ya jina la tatu palikuwa na doa jekundu, kubwa kama dole gumba la mtu mnene.

Watu wa mfuko walipiga simu palepale. Mwalimu akaweka spika.

"Mwalimu, jina la tatu lina alama nyekundu. Kuna pingamizi?"

Mwalimu Kuang akamtazama Mancang. Mancang akainama kwenye simu, mkono wake ukiwa umefungwa kwa mtandio wa mtu.

"Hiyo ni damu ya nguruwe," akasema. "Mimi ni mchinjaji. Nimeigusa karatasi kabla ya kunawa. Mnisamehe."

"Kulikuwa na fujo yoyote hapo?"

Watu ishirini tulisikia swali hilo. Fugen naye alilisikia, na akatazama mtaroni kilikoangukia kibweta chake.

"Hakuna aliyerusha ngumi," Mancang akasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Mwalimu hakumrudisha Sulan kwa Fugen hata kuchukua kiatu. Alimpakia kwenye pikipiki, akamkalisha kwake mjini mpaka shule ilipofunguliwa. Wiki ileile mfugaji wa ng'ambo ya mlima alikuja na kaka zake wawili, wakaondoka na pikipiki ya matairi matatu, na kabla ya kuondoka walimtoa Fugen kamasi mbele ya mkewe. Hakuna aliyekwenda kuamua.

Mancang alifungwa mkono na mganga wa mifupa wa sokoni. Vidole viwili havikurudi. Alijaribu kisu kwenye nguruwe wa jirani. Kikamteleza, mnyama akakimbia uwanja mzima na shingo wazi, akipiga kelele, mpaka vijana wanne wakamlalia. Mancang akaosha kisu, akakifunga kwenye gunia, akakipandisha darini. Krismasi wanayo wengine. Sisi tuna nguruwe wa mwaka mpya, na mwaka huo tulimwita mtu wa kijiji cha pili aje kutuchinjia.

Lakini hayo yalikuwa bado. Mwishoni mwa Agosti Sulan alikuja kumuaga akiwa na Mwalimu Kuang, amebeba mikate ya mvuke aliyoikanda mwenyewe. Mancang akamwomba ampige picha.

"Uso nimevimba bado, Babu," msichana akacheka.

"Si wewe. Huu." Akaweka mkono mezani, bila bandeji. Cha kati na cha pete vilikuwa vimepinda kuelekea kidole gumba.

"Nimtumie nani?"

Akamwonyesha jina kwenye simu. Sulan akauliza aandike nini. Mancang akasema asiandike kitu.

Siku hiyo picha ilifika, ikatazamwa. Haikujibiwa. Siku ya pili pia. Siku ya tatu alikuwa ameketi uani akimenya viazi kwa mkono wa kushoto, vibaya, simu ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa sauti, na nyuma yake ngurumo ya mashine za kiwanda. Kwa muda mrefu zilisikika mashine tu.

"Baridi ikija vitakuuma," Lianqiao akasema. "Hasa cha pete. Vivalishe sufu kabla ya kulala, na usivinyooshe kwa nguvu. Mimi nilivinyoosha, nikaviharibu zaidi."

Basi, ukaishia hapo. Jua la Agosti lilikuwa linachoma mpaka mbwa wamejificha chini ya mkokoteni. Mancang akainuka, akafungua sanduku la marehemu mkewe, akatafuta soksi ya sufu, akaivaa mkononi na kurudi kwenye viazi vyake.