Gunia Halichomwi Tumboni

Siku ya kwanza nilipoingia ghala la kahawa pale Mbaraki, Mombasa, nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya sikukuu ya Idi, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa. Mzee Shee, mkuu wa wachoma bambo, akavitazama, kisha akanitazama mimi.

"Weye ni bwana harusi?"

"La, Mzee. Nimekuja kazi."

"Basi vua. Buni ya watu haikanyagwi kwa viatu."

Nikavua. Toka siku hiyo mpaka nilipostaafu mwaka jana, nyayo zangu ziliijua sakafu ya ghala lile kuliko zinavyojua sakafu ya nyumbani. Jina langu Kombo, mzaliwa wa Kibokoni. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hivyo utanisamehe nikiandika kama ninavyosema. Vijana wa ghala huniuliza kwa nini pale kwetu gunia moja katika kila kumi lina mshono wa uzi mwekundu tumboni, na maghala mengine hayana. Nawaandikia hao.

Kwanza mlijue bambo lenyewe. Ni chuma chembamba chenye ncha, kina mfereji ndani, urefu wake kutoka kiwiko hadi vidole. Ukilichoma gunia, punje huteremka mferejini, ukapata kiganja kimoja cha buni bila kufumua mshono. Kiganja hicho ndicho kinachoonjwa, ndicho kinachouza gunia zima. Na gunia lina pahala pake pa kuchomwa, napo ni sikioni, yaani ile pembe ya juu anayoshika kuli anapojitwisha. Pale buni haisukumi. Ukichomoa bambo unalisugua lile tundu kwa ncha, nyuzi zinarudi, hujui kama palitobolewa. Lakini ukichoma tumboni, uzito wote unasukuma, na gunia litadondosha punje moja moja hadi melini.

Wiki ya kwanza nilichoma tumboni kwa haraka zangu. Mzee Shee hakunifokea. Aliniketisha sakafuni, akaniambia niokote kila punje iliyoanguka na kuihesabu kwa sauti, na makuli wanapita wananicheka: "Hesabu, bwana harusi, hesabu!" Mchana kutwa. Niliposimama magoti yalikuwa yamechubuka. Akanambia, "Mwanangu, gunia likilia, watu hawamuulizi mkulima. Hutafutwa mchomaji." Sikurudia tena.

Miaka sita nilikaa Mbaraki chini yake, kisha nikapelekwa Kilindini kuangalia mizigo inayoingia kwenye makontena. Kazi ya Kilindini ni kelele na jua, lakini nilijifunza kumtambua mkulima kwa harufu ya buni yake: huyu aliianika juani, huyu aliianika juu ya jiko. Nilikuwa nimeridhika. Ndipo mkurugenzi wetu akaniita ofisini. Huyu ni Bwana Hamisi Tungo. Namtaja kwa jina, na nitamtaja tena, maana yeye na wenziwe hawakuona haya kutenda na mimi sioni haya kusema.

"Kombo," akasema, "tuna ghala Kongo, mji wa ziwani. Nataka mtu asiye na maneno mengi."

Nilidhani ananisifu.

Mji ule ulikuwa wa Kanali Lushombo. Yeye ndiye jeshi, ndiye gavana, ndiye hakimu. Picha ya Rais wao ilitundikwa kila mlango, hata mlango wa choo cha ghala, na ukiingia unaitolea heshima kwanza, haja yako ingoje. Kila Jumatatu kabla ya kufungua ghala tulisimama uani tukamwimbia Rais. Aliyekuwa kando yangu siku ya kwanza ni karani wa lebo, mtu mrefu jina lake Deo. Akaninong'oneza bila kugeuza shingo:

"Imba, Kombo."

"Siujui wimbo."

"Hapa mutu haulizwe kama anajua wimbo. Anaulizwa kama alifungua kinywa."

Nikafungua kinywa. Hivyo ndivyo tulivyokuwa ndugu. Nilikula kwa mkewe, nikalala akinisema kwa kukoroma kwangu, akanifunza kuagiza samaki kwa Kifaransa cha uongo ambacho hata wauzaji walikicheka.

Mwezi wa pili ndipo nikayajua ya ghala. Milimani kulikuwa na vita, na bunduki za Kanali zilikuwa zikiwakamata wakulima mashambani mwao na kuwatia mashimoni kuchimba mchanga mweusi, yale madini yanayoingia ndani ya simu zenu. Mchanga ule ulishushwa ghalani, ukafungwa kwenye mifuko ya nailoni, ukatiwa katikati ya magunia ya kahawa, buni juu, buni chini, buni pembeni. Kwa kuwa ni mzito kupita kiasi, buni ilipunguzwa ili mizani isiseme kitu. Gunia likawa na uzito wa mwanamume na kiuno cha msichana. Na mimi nilichoma sikioni kama nilivyofunzwa, nikatoa buni safi, nikatia sahihi. Kanuni ya Mzee Shee, iliyowekwa kwa ajili ya uaminifu, ndiyo wezi hawa waliyojifichia. Mizigo mitatu niliitilia sahihi huku najua. Siwataji wenzangu nikajiacha mimi.

Deo alikataa mzigo wa nne. Ndugu zake wawili walikuwa wamefukiwa shimoni wiki hiyo, udongo uliporomoka na hakuna aliyeruhusiwa kuwafukua. Aliweka kalamu mezani mbele ya Kanali.

"Siandike kahawa juu ya kaburi ya ndugu zangu."

Walimpiga pale pale uani, sote tumesimama kwenye mistari ya wimbo. Halafu Kanali akamwinamia, sauti ya upole kabisa. "Andika, Deo. Lori likirudi kutoka Mombasa litaniletea karani mupya. Siku hiyo utapumuzika." Hakuna asiyeelewa kupumzika kwa Kanali ni kupumzika gani. Deo akaandika kwa mkono uliovimba, mkewe ameketishwa langoni na askari wawili.

Basi nilikuwa na muda wa lori moja tu, liende na lirudi. Simu nilikuwa sina, pasi yangu ya kusafiria ilikuwa kabatini kwa Kanali, na barua zilifunguliwa. Kilichokuwa kinatoka mji ule kwenda kwetu bila kusomwa na mtu ni magunia. Nikaanza kazi yangu mbele ya askari kama kawaida, na kila gunia nililichoma tumboni. Kidogo tu, bambo lisifike kwenye nailoni. Mara mbili askari mmoja alinisogelea.

"Mbona jana ulichoma juu?"

"Leo nachoma chini, afande. Ndiyo kazi."

"Ah." Akaenda zake. Kwake tundu ni tundu.

Lakini nilijua kuna mtu mmoja, kwenye pwani yangu, ambaye magunia yale yatalala miguuni pake yakilia.

Yaliyotokea Mbaraki nimesimuliwa. Mzigo uliposhushwa, makuli waliteleza kwenye punje. Mzee Shee akainama, akatazama tumbo la gunia la kwanza, la pili, la kumi. Akauliza nani kachoma. Wakamsomea jina langu kwenye lebo. Akachukua bambo lake, akalipitisha kwenye tundu langu, akalisukuma mpaka likagonga mchanga. Akalichomoa, akalifuta kwa kanzu, na asimwambie mtu. Alijua angepiga kelele siku ile, Tungo angepiga simu, nasi tungezikwa kabla ya jua kuchwa.

Alipanda ofisini kwa mkurugenzi na hasira za uongo.

"Huyu Kombo kaniharibia mzigo mzima! Sitii sahihi mimi."

"Mzee Shee, tia sahihi, tutamkata mshahara."

"Nakwambia sitii! Niletewe hapa nimtie adabu kwa mkono wangu. Yeye na yeyote aliyeshika magunia naye. Bila hivyo mzigo huu utakaa hapa uote."

Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa hawapokei kahawa ya ghala letu bila sahihi ya Mzee Shee. Tungo alikuwa hajapata kushika bambo maishani mwake, hakujua tumbo wala sikio. Akapiga simu kwa Kanali, lori lingali Mbaraki.

Kanali alitukusanya uani. "Nani aliharibu magunia yangu? Mombasa wanataka mutobozi na mwenziwe."

Nikatoka kwenye mstari. "Ni mimi, Kanali. Lakini si mimi peke yangu." Nikamnyooshea Deo kidole. "Ni huyu! Alikuwa akinisukuma mkono makusudi, anataka kuharibu jina langu kwa mkurugenzi. Sikubali kwenda kuadhibiwa peke yangu. Naye aje ajibu!"

Deo alinitazama. Nimetazamwa na watu wengi, sijapata kutazamwa hivyo. Akanitemea mate, yakanipata shavuni. "Musaliti. Ulikula kwangu."

Kanali alicheka mpaka akashika tumbo. Akamwambia dereva wa gari lake, "Peleka wote wawili. Watu wa Mombasa wakimaliza na huyu mrefu, si lazima wanirudishie." Kwake lilikuwa jambo la kumpunguzia kazi. Hata mke wa Deo akaachiwa siku hiyo. Hakuwa na faida tena langoni, na wiki hiyo hiyo akavuka ziwa kwa watu wake.

Safari nzima Deo hakuninenea neno. Nikimpa maji, anamwaga. Nikimpa mkate, anampa dereva. Nami sikuweza kusema kitu, maana dereva alikuwa wa Kanali na masikio yake yalikuwa marefu. Tulipovuka mpaka wa Kenya, dereva akashuka kugonga mihuri, nikamgeukia.

"Deo, tumetoka."

Akatazama dirishani.

"Deo, nilichoma tumboni ili tuitwe."

Nikamweleza habari ya viatu vya Idi, na zile punje nilizookota kwa magoti. Alisikiliza akitazama kioo cha mbele. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Basi mate yangu?"

"Yalikuwa ya moto."

"Nisamehe."

"Sikusamehe. Nitakudai mpaka kufa."

Pale Mbaraki tulimkuta Mzee Shee, Bwana Tungo amevaa suti, na ofisa wa forodha, mama mmoja mkali ambaye Mzee Shee alimwalika kwa kisingizio cha kushuhudia buni iliyoharibika. Tungo akaanza kunitukana. Mzee Shee akainua mkono.

"Ndoo hapa, Kombo. Umekosea, sivyo? Basi rudia kosa lako mbele ya mama huyu tuone."

Nikavua viatu. Nikachukua bambo, nikachoma tumboni, safari hii kwa nguvu zangu zote. Nailoni ikapasuka, likasaga mchanga. Nilipochomoa, kiganjani mwa yule mama hapakuanguka buni hata punje moja. Palianguka mchanga mweusi unaometa. Tungo alikuwa ameshaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, akajikwaa kwenye viatu vyangu.

Mzigo ulikamatwa wote. Sasa sikilizeni uchungu wangu, maana sitaki mdhani dunia imenyooka. Hamisi Tungo alikaa ndani siku tatu. Alifukuzwa kwenye kampuni, ndiyo, lakini bado anaishi Kizingo, geti lake refu kuliko nyumba yangu, na Ijumaa huniamkia msikitini kana kwamba tuliwahi kula sahani moja. Kanali Lushombo sasa ni waziri, nimemwona kwenye runinga akizungumzia amani. Picha ya Rais yule imebadilishwa, ametundikwa mwanawe. Na wale walio shimoni hawajafukuliwa. Nikiyafikiri haya huisukuma sahani kando.

Lakini huivuta tena. Mzee Shee, Mungu amrehemu, alibadilisha kanuni yake mwenyewe kabla ya kufa, na mzee kubadilisha kanuni si jambo dogo. Kila gunia la kumi huchomwa sikioni, na kisha tumboni, na tundu la tumboni hushonwa kwa uzi mwekundu ili atakayelipokea ajue lilikaguliwa. Kazi ya kushona alipewa Deo. Miaka yote hiyo mimi nilitoboa, yeye akashona. Mkewe alimfuata, wakapanga nyumba mtaa wa pili kutoka kwetu, na watoto wao wanasema Kiswahili cha Kibokoni, wanamcheka baba yao kwa chake.

Siku niliyostaafu walinipa bambo langu niende nalo. Limetundikwa kwangu ukumbini, pahala ambapo wengine hutundika picha ya mkubwa. Jioni baada ya swala ya alasiri hutoka barazani, na Deo huja na birika lake la kahawa chungu. Majirani wapya bado hushtuka wakisikia tunavyoamkiana.

"Hujambo, musaliti?"

"Sijambo, marehemu. Keti unywe."