Sekunde Mbili za Kowsar

Ukiuliza Tseikuru ni nani anayefundisha sataranji mtandaoni, utaonyeshwa duka la Hamud, mfanyabiashara wa mbuzi. Nyuma ya magunia ya chumvi ya mifugo ndipo binti yake Kowsar hurekodi. Mchezo aliujua akiwa kidato cha pili. Alipomaliza shule alifunga simu kwenye stuli iliyopinduliwa, kamera ikitazama ubao, akaanza. Huu ni mwaka wa tano, na anakula jasho lake. Kila video huifungua kwa onyo lilelile, ambalo ni sheria ya mashindano pia: "Ukigusa kete, isogeze. Fikiri kwa macho, si kwa vidole."

Agosti alishinda fainali huko Mukuyuni, katika ukumbi wa kanisa, dhidi ya Mwalimu Mulwa, bingwa wa miaka mitatu. Simu yake ilirekodi mchezo wote, na wafuasi wakaingoja video kwa hamu. Alipokuwa akiihariri asubuhi ya Jumatatu, wiki moja baadaye, mkono wake ukasimama. Pale mchezo ulipokuwa mkali, kidole chake kilitua juu ya farasi, kikakaa, kisha kikahamia kwa malkia. Malkia huyo ndiye aliyempa ushindi. Mwalimu alikuwa ameinama akiandika hatua za mchezo. Mwamuzi alikuwa meza nyingine. Kowsar mwenyewe hakuwa na habari.

Zilikuwa sekunde mbili. Akizikata, anabaki bingwa. Akiziacha, kombe halina mwenyewe. Wako wengi siku hizi wanaokata sekunde kama hizo, kisha wanasimama kufundisha wenzao.

Alimweleza baba yake, aliyekuwa akipima chumvi.

"Aabo, hakuna aliyeona."

"Wewe umeona," Hamud akasema. "Mimi nikishashikana mkono na mnunuzi chini ya shuka, tukakubaliana kwa vidole, mbuzi si wangu tena. Hata akija wa pili na bei tamu. Nani anaona chini ya shuka?"

Kowsar alimpigia Mulwa, akamtumia kipande hicho.

"Kumbe!" Mulwa akasema. "Na mimi nilishawaambia wanafunzi nimechapwa na msichana wa mbuzi. Wamenicheka wiki nzima. Sasa niwaambie nini?"

"Uwaambie ukweli, Mwalimu. Kombe nakuletea."

"La bure silitaki. Njoo tupange kete zilivyokuwa. Usogeze farasi wako, tuendelee."

Jumamosi walikaa tena ukumbini, mwamuzi akiwa kando na simu ikirekodi. Kowsar alisogeza farasi. Alijua si hatua nzuri, lakini ndiyo aliyodaiwa. Alipigana saa nzima na nusu, akapoteza ngome, kisha askari wawili, na mwishowe akamlaza mfalme wake kwa mkono wake mwenyewe, kukubali kushindwa.

"Pole, mwanangu," Mulwa akasema, akilivuta kombe. "Mwaka ujao?"

"Mwaka ujao nitakuja nimevikalia vidole."

Alipofika nyumbani aliweka video zote mbili, bila kukata kitu. Mmoja akaandika kwamba ni mjinga. Mwingine, mama wa Mbooni, akaandika kwamba amewaita watoto wake watatu watazame. Kowsar alisoma yote akimenya chungwa la shambani kwa Mwalimu, alilopewa naye siku ile. Hakuwa na kombe, na hakuwa na cha kuficha. Akanawa mikono, akapanga kete kwa somo jipya, akawasha kamera, na onyo lake akalitoa kwa sauti ileile.