Moyo Wangu wa Dakika Iliyopita

Nimeambiwa niandike habari za mkaza mwanangu, kana kwamba yeye hana mikono. Mimi kalamu naiburuza, haikimbii. Haya.

Anafanya kazi karakana iliyo juu ya duka la vioo. Wanatengeneza mashine ya kuonyesha mapigo ya moyo, ya zahanati. Yeye anaandika programu ya ndani kabisa inayoziamrisha nyingine. Wenyewe wanaiita kiini. Ni mbishi, anakula wima, na nguo zangu hajui kuzianika. Wa kujaribiwa mashine ni mimi.

Juzi wakanifunga nyaya, nikapanda ngazi mpaka kifua kikawaka moto. Kioo cha mashine kikasema nimetulia tuli.

"Mama, umepanda kweli?" akauliza mkaza mwanangu.

"Unataka nizimie ndiyo uamini?"

Kumbe prosesa, ule ubongo wa mashine, ina kijisehemu chake cha kuweka nakala karibu, isihangaike kwenda kumbukumbu kuu kila saa. Mapigo mapya yanaandikwa kule kumbukumbu kuu, yenyewe inasoma nakala ya zamani.

Mkuu wake akasema, "Zima hicho kijisehemu. Mashine itakuwa nzito kusoma, lakini haitadanganya. Ijumaa inaondoka kwenda zahanati."

"Ikiwa nzito, mgonjwa atazidiwa muuguzi hajajua," akajibu mkaza mwanangu. "Sizimi."

Akanikalisha, akainamia kompyuta, chai ikapoa. Nakala za zamani alikuwa ameshaamuru zitupwe kabla mapigo hayajaandikwa. Sasa zinarudije? Akachelewesha uandishi makusudi, kosa likazidi. Hapo akacheka.

"Prosesa ina kiherehere, Mama. Nikishatupa, haingoji. Inakimbilia kuchota tena kabla mapigo mapya hayajamaliza kuandikwa, inabeba yaleyale ya zamani."

"Kiherehere hicho imetoa wapi?"

"Kwa mwanao. Anafunua sufuria kabla halijachemka."

Hilo ni kweli.

Akaongeza amri ya pili: uandishi ukiisha, nakala zitupwe tena, ndipo prosesa isome. Nikapanda ngazi, magoti yakilalamika. Safari hii kioo kikapanda nami, nilipokaa kikashuka nami.

Mkuu akatazama, akakuna kidevu. "Moyo mmoja hautoshi. Nileteeni mapigo ya watu wengine kabla ya Ijumaa, la sivyo nakizima kijisehemu."

Basi wewe unayesoma, una kifua na una miguu. Vaa viatu, njoo juu ya duka la vioo, ufungwe nyaya, upande ngazi. Na usije ukiwa umeshiba, utatuchelewesha.